Mama, Zuhura Amebisha Hodi Uwanjani

Mama yangu mpendwa,

Hodi. Najua huko uliko hakuna mlango wa kugonga, lakini wewe ndiye uliyenifunza kwamba mtu haanzi maneno nyumbani kwa mwenziwe kabla ya kubisha, na miaka yote hii ya Marekani haijanitoa adabu hiyo. Nimekuja na habari. Nimeibeba tangu Jumamosi. Nimewapa wenzangu kazini, nimempa hata mzee ninayemhudumia, ambaye masikio yake yamechoka na aliitikia tu kwa kichwa, na bado haijanitosha kwa sababu hujaisikia wewe. Kwa hiyo kaa vizuri, maana leo binti yako anajivuna na hataki kuambiwa apunguze.

Mjukuu wako Zuhura amesimama mbele ya uwanja mzima wa watu, Mama, na amesema.

Wewe huhitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Unakumbuka ulipokuja kukaa nasi hapa Woodbridge, mtoto anaelekea miaka sita, tukaja kukupokea uwanja wa ndege? Alitaka kukuamkia, na kile kigugumizi chake kikamkamata palepale penye "shi". Midomo inacheza, macho yamemtoka, neno haliji. Baba yake, Salim, akataka kummalizia. Ukanyoosha mkono ukamzuia, kiganja wazi, ukasema, "Mwache. Nimetoka Tanga mpaka hapa, nitashindwa kungoja shikamoo?" Ukasimama katikati ya mizigo, watu wanatupita kwa hasira na masanduku yao, mpaka shikamoo ikafika yote. Nawe ukaitikia marahaba kwa sauti iliyomfanya askari wa pale mlangoni ageuke.

Sauti yako hiyo! Pale kwetu Ngamiani, Tanga, hakuna aliyechapisha kadi za harusi, kadi ilikuwa wewe. Mwenye shughuli alikuwa akija kukutuma, nawe unajitanda khanga yako, unapita nyumba kwa nyumba kualika. Mimi nilikuwa nakufuata nyuma utotoni, miguu ikiniuma, nikikusikia unaimba mwaliko uleule kila kizingiti, na kila kizingiti ukiuimba kana kwamba ndiyo kwanza unaanza. "Mnaalikwa nyote, wakubwa kwa wadogo, mkiwa na wageni njooni na wageni wenu." Ulikuwa hukubali kiti wala maji kabla hujamaliza ujumbe. Shughuli ambayo hukuialika wewe, watu walikuwa wakiiulizia kama kweli ipo.

Basi ulipokuwa hapa kwetu, kosa likawa langu kukuambia kwamba Jumamosi moja tungemfanyia Zuhura sherehe ndogo ya kuzaliwa. Ukauliza nani anapita kualika. Nikasema nimewatumia watu meseji.

"Meseji?" ukasema. "Mtu anaalikwa kwa mdomo, mwanangu. Wewe ungekwenda kwa mtu asiyekuja kukuita?"

Nikacheka, nikaenda kazini. Niliporudi jioni nilikuta umeshamaliza safu nzima ya nyumba zetu. Umevaa khanga juu ya jaketi la baridi la Salim, viatu vya Salim, umemshika mjukuu mkono awe mkalimani wako, na umebisha hodi kwa watu ambao mimi nilikuwa nimeishi nao ukuta kwa ukuta bila kujua hata majina yao. Kengele za milango ulizikataa. Ulisema kengele haijulikani nani kaipiga, sauti ya mtu inajulikana. Yule mstaafu wa jeshi wa nyumba ya mkabala alidhani kuna moto.

Na wakaja wote, Mama! Wakaja na wageni wao, maana si ulisema waje nao. Walikuja wale wa El Salvador na watoto na mashemeji, akaja mama wa Kipakistani na trei ya vitu vitamu, akaja mstaafu na mmea ndani ya chungu kwa kuwa hakujua mtoto wa miaka sita apewe nini. Nilikuwa nimepika pilau ya watu wachache. Ukanitazama, ukafunga khanga kiunoni, ukapandisha sufuria ya pili bila neno, na neno hilo ambalo hukulisema nalisikia mpaka leo kila nikishika kitunguu.

Lakini kilichonibakia zaidi si pilau. Ni yale uliyomfunza Zuhura njiani, ambayo alinisimulia akiwa kwenye beseni la kuogea. Mlango wa kwanza alikwama. Ukamwambia, "Usilikimbilie neno, litakukimbia. Vuta pumzi mlangoni, kisha libishe kama wimbo. Hodi ya kwanza, wajue kuna mtu. Ya pili, wajue ni mtu mwema. Ya tatu ndiyo ya mwisho. Usipoitikiwa ya tatu, geuka urudi zako, wala usinune." Mpaka mlango wa mwisho mtoto alikuwa anaimba hodi na mwaliko wote kwa Kiingereza chake, kwa mahadhi yako, bila kukwama hata mahali pamoja.

Kisha ukarudi Tanga, na dunia ikaendelea na ubaya wake.

Mwaka jana darasani alisimama kusoma kitu mbele ya wenzake, akakwama, wakacheka. Ni hilo tu, na watu wazima wangesema ni mambo ya watoto. Alirudi nyumbani akatuambia hatasema tena mbele za watu, na mtoto huyu, Mama, ana kichwa kigumu cha kwenu, alitimiza. Mkono darasani haunyanyui. Dukani anaonyesha kwa kidole. Hata wewe ulipomtumia ujumbe wa sauti kwenye simu yangu alikuwa anakujibu kwa picha ya moyo. Moyo mwekundu, wa zambarau, wenye nyota. Ndipo ukamtumia ule ujumbe wako, sauti yako tayari imeshuka kwa maradhi, ukamwambia, "Zuhura mjukuu wangu, moyo nimeuona. Sauti iko wapi?"

Alikuwa bado anajipanga kukujibu ulipotutoka.

Ameusikiliza ujumbe ule mara nyingi, mlango umefungwa, akidhani sisi hatusikii. Mimi nilikuwa nakulilia kama mwana anavyomlilia mama yake, lakini yeye alikuwa na deni la jibu kooni, na hapakuwa na namna ya kumtolea. Nikaogopa. Niliogopa kwamba mtoto wangu atakuwa mwanamke mzima anayeonyesha kwa kidole.

Sasa njoo nikupeleke Jumamosi.

Kuna soko la kale jimbo la jirani, Maryland, wanalifanya kwenye uwanja mpana wa majani usio mbali na mto. Watu wanavaa mavazi ya zamani sana ya nchi hii na kujifanya wanaishi zama zile. Wanaume wamevaa makoti ya sufu chini ya jua, wanatiririka jasho na wanafurahi. Kuna mhunzi, kuna watengeneza mishumaa, kuna zizi la kondoo, kuna jamaa wanaofyatua mzinga wa baruti kila baada ya muda na kukufanya uimwage soda yako. Shule ya Zuhura ilikuwa imewasifia, akataka twende. Salim akakodi kofia ya pembe tatu pale langoni, akatanguliza tumbo, akaanza kutembea kwa mikono nyuma.

"Mnaniona?" akasema. "Gavana."

"Gavana wa pilau," nikamwambia.

Tulicheka, lakini unajua vicheko vya mahali kama pale, Mama, vina kitu chini yake. Salim mwenyewe ndiye aliyekisema, kofia kaishika mkononi. "Lakini mama Zuhura, zama zile, sisi tungekuwa wapi hapa?"

Jibu tulilipata kwenye meza ya keki za tangawizi. Muuzaji alikuwa Mmarekani mweusi, mama wa makamo, kilemba cheupe kichwani, na alituambia kwamba yeye huvaa kama mwanamke huru aliyekuwa akiuza keki masokoni, maana nao walikuwepo, ingawa wachache. Zuhura alikuwa anakitazama kijukwaa cha katikati ambapo mzee mmoja mwenye koti jekundu na kengele alikuwa akitangaza mambo ya soko. Ndiye mpiga mbiu wao. Yule mama akafuata macho ya mtoto.

"Kwenye soko kama lile, mwanangu," akamwambia, "watu wetu hawakuwa wakipanda pale kutangaza. Walipandishwa wakatangazwa wao, wauzwe."

 Zuhura alikula keki yake polepole mpaka ikaisha.

Mara mzee wa koti jekundu akapiga kengele: nani atakuja kujaribu kupiga mbiu? Mkubwa au mdogo, apande awaalike watu kwenye mchezo wa farasi wa alasiri, na atakayeshangiliwa zaidi ataipiga kengele na kulitangazia soko jioni nzima. Watu wakaanza kupanga foleni. Nikageuka kumwambia Salim twende tukatazame kondoo, na niliporudisha macho, mtoto hayupo ubavuni mwangu. Yuko kwenye foleni.

Nikamkimbilia. Unajua anavyonielewa Kiswahili chote na kunijibu Kiingereza kitupu. Safari hii alichanganya.

"Mama, don't help me," akasema. "Nikikwama, usini-help. Na Baba pia. Promise."

Nikaahidi. Ahadi nyepesi mdomoni ile, Mama, na nzito kifuani.

Walipanda wengine kabla yake. Baba mmoja alinguruma mpaka mbwa wakabweka, msichana mkubwa aliimba vizuri, watu wakapiga makofi. Kisha akapanda wa kwangu, khanga yako ndogo kajifunga shingoni kama skafu, akasimama. Mdomo ukafunguka na kitu hakikutoka. Nikaona midomo inacheza. Nikaijua ile herufi iliyomshika, nikawa nayo mimi mdomoni, naing'ata. Mtu mmoja mbele yangu akacheka kidogo. Salim akanishika mkono, akauminya mpaka pete ikaniumiza.

Halafu nikayaona mabega yake yanapanda. Alivuta pumzi, Mama. Alivuta pumzi mlangoni.

"Hodiiii!"

Ndefu, ya wimbo, ya kwako kabisa, ile inayopinda mwishoni. Watu wakatazamana. Hawakujua ni nini wala wanatakiwa wafanye nini. 

"Hodi hodiii!"

Kimya. Mhunzi aliacha kugonga chuma. Nikamwona mtoto anangoja, kama ulivyomfunza, mikono imetulia ubavuni, na nikakumbuka sheria yako. Ya tatu ndiyo ya mwisho. Asipoitikiwa atageuka, atashuka zile ngazi bila kununa, na hatapanda nyingine maisha yake. Nami nimeahidi kunyamaza.

"Hodi wenyewe!"

Akangoja. Akangoja tena kidogo. Nikaona mguu wake mmoja unaanza kugeuka.

"KARIBUUU!"

Haikutoka kwangu. Ilitoka huko nyuma kabisa, kwenye zizi la kondoo. Uwanja mzima ukageuka. Palikuwa na mwanamke amebeba mtoto mgongoni, mkononi ana paja la bata mzinga, ameduwaa mwenyewe kwa kelele aliyopiga. Na kabla hatujamaliza kumtazama, upande wa mhunzi mwanamume mmoja akaitika kwa lafudhi ya Kikongo, "Karibu, maman! Karibu sana!" Salim naye akashindwa kujizuia, akarusha kofia ya gavana juu, akaitika. Na mimi nikaitika, Mama, kisha nikapiga kigelegele ambacho sijakipiga tangu harusi ya Mwanahawa kule Tanga, kikapita juu ya mahema yao yote. Ahadi sikuivunja. Sikumsaidia mtoto. Kuitika hodi si msaada, ni wajibu.

Ungemwona uso! Mguu ukarudi mahali pake. Akaliambia lile kusanyiko kwa Kiingereza kwamba kwa bibi yake mtu akisema hodi, wenyewe wanaitika karibu, na kwamba wasipoitika hawezi kuingia na ujumbe. Halafu akawarudishia hodi. Na uwanja wote ukaitika, Mama. Wanaume wa makoti ya sufu, wapiga mzinga, watoto juu ya mabega ya baba zao, mama wa keki za tangawizi mikono yote miwili juu. "Karibu!" wanaitamka vibaya na kwa nguvu zao zote.

Ndipo akawapa mwaliko. Wakubwa kwa wadogo, mkiwa na wageni njooni na wageni wenu, kwenye uwanja wa farasi, "leo alasiri", hilo kaliacha kwa Kiswahili na hakuna aliyeuliza. Pale penye farasi alikwama. Akasimama nalo neno, hakulikimbilia, na watu wakamngoja, mpaka likatoka, akaendelea kana kwamba aliketi kidogo kupumzika. Akashuka kwenye makelele ambayo ule mzinga wao haujawahi kuyafikia.

Nani mwingine angeshinda? Mzee wa koti jekundu akamrudisha juu, akampa kengele, akainama kumwuliza jina lake awatangazie watu. Zuhura akaanza, "Zu... Zu...", ikamgomea. Mzee wa watu, kwa wema wake, akafungua mdomo amsaidie. Na mtoto akanyoosha mkono akamzuia, kiganja wazi.

Salim aliliona akaniangalia. Sote wawili tulikuwa tumesimama tena uwanja wa ndege.

Mzee akangoja. Uwanja ukangoja. Likaja lote, tena likaja na wenzake: "Zuhura binti Salim, mjukuu wa Bi Mwanajuma wa Tanga." Jina lako, Mama, limetangazwa kwenye soko lile kutoka kijukwaa kile, na aliyelitangaza ni damu yako, amepanda kwa miguu yake mwenyewe. Mama wa keki alikuwa anafuta macho kwa aproni. Mimi sikufuta, niliyaacha machozi yatiririke kwa maringo.

Yule mwanamke wa bata mzinga alitufuata baadaye. Mkenya, muuguzi, anakaa Greenbelt. "Haki nilikuwa nala zangu pole pole," akasema, "nikaskia hodi. Mdomo uka-answer kabla nijue ni nani. Shosh, bibi yangu, angenifinya kama ningenyamaza!" Zuhura akamtazama, akavuta pumzi, akamwalika palepale kwenye hitima yako ya mwaka, yeye na mume na wageni wao, bila kuniuliza. Nikajua sufuria ya pili imeshapanda.

Jana alivaa khanga yako kubwa, ile uliyoiacha kabatini, juu ya jaketi la baba yake, akatoka kualika safu yetu yote. Nikataka kumfuata, akakataa, basi nikasimama mlangoni kumsikiliza anavyokwenda. Alikwama nyumba ya Wapakistani na nyumba mbili mbele yake, na kote akangojewa. Mkabala, hodi ya kwanza haijaisha, mstaafu akaitika kutoka ndani, "Karibu!" Hakuisahau miaka yote hii. Safari hii hakudhani kuna moto.

Mama, uliuliza sauti iko wapi, na mtoto alichelewa kukujibu. Nasikia hapa nilipo anavyorudi njiani, hana wa kumwalika tena, nyumba zimekwisha, na bado anaimba hodi peke yake barabarani. Sauti ndiyo hiyo. Tunaiitikia sisi kwa niaba yako.

Mwanao anayejivuna,
mama Zuhura